Upepo Ukoje? Siku Kumi za Skii, Barabara na Feri kutoka Lyngen hadi Lofoten

Jumamosi. Tromsø hadi Lyngseidet

Baba yangu amevua samaki Pangani tangu utoto wake. Nikimpigia simu kutoka huku Norway haanzi kuuliza kazi wala watoto. Anaanza na upepo: "Upepo ukoje huko?" Nikishamjibu ndipo salamu zinaendelea. Leo nimempigia nikiwa uwanja wa ndege wa Tromsø, nikamwambia upepo ni wa magharibi, mwepesi, baridi nyuzi mbili chini ya sifuri, na kwamba naanza safari ya kupanda milima ya pwani kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, pamoja na mke wangu na shemeji. Akanyamaza kidogo. "Milima ya pwani," akasema. "Basi mwaiangalia bahari pia."

Nimeishi Trondheim miaka 12, nafundisha chekechea. Skii nimejifunza na watoto wa miaka mitatu na minne, maana huku mtoto huvishwa skii mara tu anapotembea vizuri, na mwalimu hana budi kwenda naye. Kupanda mlima kwa skii na kushuka nao ni jambo jingine, nalo nimefundishwa na shemeji, kaka wa mke wangu. Familia yao ni ya Lyngseidet na huko ndiko tunakoanzia.

Wa nne wetu ni Ami. Si ami yangu wa damu. Ni mzee wa Mombasa, baharia wa zamani aliyeshuka melini Bodø miaka mingi iliyopita, akaoa, akabaki. Wote tunamwita Ami, hata mke wangu. Milima hapandi. Amejitwalia usukani na jiko, na ameleta gari lake kutoka Bodø kwa siku mbili, matairi yakiwa bado na misumari ya chuma. Huku kaskazini misumari inaruhusiwa hadi tarehe 30 Aprili, na barabara za asubuhi zinaonyesha kwa nini.

Tromsø ni mji uliokaa juu ya kisiwa, zaidi ya nyuzi 69 kaskazini ya Ikweta, na chini yake wamechimba mahandaki yenye vipilefti ndani ya mwamba. Ami akazunguka kimoja mara mbili akitafuta njia ya kutokea. Tulivuka daraja, tukapita chini ya lile kanisa jeupe la mwaka 1965 linalofanana na vipande vya barafu vilivyosimamishwa, tukashika njia ya Breivikeidet. Hapo tukapanda feri ya kwenda Svensby, mwendo wa dakika 20 na kitu.

Kwenye feri ndipo milima ya Lyngen inapojionyesha. Wanorway huita fiodi ule mkono wa bahari unaoingia kati ya milima. Sisi tungesema hori, ila hori letu lina mikoko na tope, na hili lina kuta. Hakuna tambarare. Maji yanaishia, mlima unaanza. Jiehkkevárri, mkubwa kuliko yote mkoani Troms, una mita 1,834. Ukiwa umezoea kusikia mita 5,895 za Kilimanjaro utaona ni kidogo, lakini Kilimanjaro huanza kupandwa kutoka nchi iliyokwisha kuinuka. Hapa unahesabu kuanzia sifuri halisi, pale maji yanapokupwa na kujaa.

Mama mkwe alitupokea kwa supu ya samaki. Jua lilizama karibu saa tatu usiku, na hata baada ya hapo mbingu haikuwa nyeusi. Miale ya kijani angani, ile mianga ya kaskazini ambayo wageni huijia, mwezi huu ni shida kuiona kwa sababu giza lenyewe halikamiliki.

Jumapili. Rørnestinden

Kila asubuhi ya safari huanza kwa ukaguzi mlangoni. Kila mtu anavaa kifuani redio ndogo ya kutafutana, inayotuma mlio kwenye masafa ya kilohezi 457, yaleyale dunia nzima. Shemeji husimama mbali kidogo, kila mmoja anampita, na chake kinasikilizwa kama kinatuma. Kisha tunahesabu: koleo, fito ndefu ya kuchomea theluji, redio. Mwenye kupungukiwa na kimoja kati ya hivyo vitatu haendi. Aliyefunikwa na poromoko la theluji ana dakika chache. Wengi wanaochimbuliwa ndani ya dakika 10 au 15 za kwanza hutoka hai, na baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi ya kutisha. Helikopta haiwezi kuwahi. Atakayekuchimbua ni yule uliyepanda naye.

Rørnestinden una mita 1,000 na kidogo, na njia yake huanza kijijini kabisa. Chini ya skii tunabandika ngozi. Zamani zilikuwa ngozi za sili. Siku hizi ni nailoni iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi, upande mmoja gundi, upande mwingine manyoya yaliyolala yakielekea nyuma. Ukisukuma skii mbele manyoya yanalala nayo inateleza. Ukikanyaga, yanasimama na kuikamata theluji. Pitisha kiganja juu ya mgongo wa paka, kwanza kufuata manyoya halafu kuyapinga, utaelewa yote. Kisigino kiko huru, kidole kimefungwa, na mtu anakwenda taratibu, kwa zigizaga, saa tatu au nne, akisikia pumzi yake tu.

Tulipita kwenye msitu wa mibetula, miti mifupi iliyopinda kwa uzito wa theluji ya miaka mingi. Usiku ulikuwa na baridi kali na theluji ya juu ilikuwa imeshikana hadi kutubeba bila kuzama. Mke wangu akasema neno ambalo mama yake alimfundisha: cuoŋu. Ni Kisami, lugha ya wenyeji wa tangu zamani, na ni jina la ganda gumu la majira haya linaloweza kumbeba mtu au reni, wale wanyama wao wa jamii ya kulungu. Mbele kidogo, kwenye kivuli, kulikuwa na theluji laini iliyoanguka juzi. "Hii ni vahca," akasema.

Hapo nikahisi upungufu wangu. Mimi nina theluji, nina barafu, basi. Kwa bahari nina maji ya bamvua na maji mafu, nina kusi na kaskazi, matlai na umande, nina majina ya kila hali ambayo ikikosewa inaua mtu. Huku theluji ndiyo inayoua, nami nimeipa jina moja. Kileleni nikatoa daftari dogo, nikaandika maneno mawili ya Kiswahili kwa matumizi yangu: unga, kwa ile laini ya kivulini, na ganda, kwa ile inayotubeba.

Kileleni ukitazama mashariki unaona fiodi ya Lyngen yote, upana wa bahari ya rangi ya chuma, na ng'ambo yake milima mingine mieupe hadi macho yanachoka. Chini kabisa, boti moja ya uvuvi ikivuta mstari mweupe. Tukabandua ngozi, tukafunga visigino.

Saa sita na nusu mchana ganda la upande wa kusini lilikuwa limelainika sentimita mbili au tatu za juu, likawa punje punje kama chenga za mchele. Nikaliandika baadaye: chenga. Skii ilikata pindo bila kelele nyingi, sauti kama ya kupepeta. Mita 1,000 za kupanda tulizishuka kwa dakika 25, tukitua mmoja mmoja, mwingine akitazama, hadi ua wa mama mkwe. Ami alikuwa amesimama uani na sufuria mkononi.

Jumatatu. Tuliporudi njiani

Siku hii nataka kuieleza polepole.

Mpango ulikuwa bonde moja kaskazini ya Lyngseidet, mlima mrefu zaidi, mteremko wa upande wa kaskazini-magharibi ambao shemeji aliutamani tangu mwaka jana. Taarifa ya maporomoko ilisema kiwango cha 3 kati ya 5. Taarifa hizi hutolewa na mamlaka ya maji na nishati ya Norway, NVE, tangu mwaka 2013, kila siku ya msimu, kwa kila eneo, bure. Mtu wa huku huisoma asubuhi kama baba anavyotazama mawingu. Kiwango cha 3 kinaweza kupandwa, kwa kuchagua njia. Usiku upepo ulikuwa umegeuka na kuvuma kutoka kusini-mashariki.

Bonde lilikuwa kimya. Jua lilikuwa limetoka, mbingu ya buluu, na ukiwa mgeni ungesema siku kama hii hutolewa kwa nadra. Tulipanda kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilianza kuona kwamba kwenye miinuko midogo upande mmoja ulikuwa umekwanguliwa hadi nyasi zinaonekana, na upande wa pili theluji imejaa, imeviringa, imepigwa msasa. Upepo huhamisha theluji kuliko mbingu inavyoileta. Nikakumbuka fungu la mchanga kule Maziwe, kile kisiwa kilichoko nje ya Pangani, jinsi linavyohama kila msimu, na jinsi baba alivyokuwa akinionyesha: ukiona upande huu umeliwa, upande ule umelishwa.

Tulipofika tambarare ndogo chini ya mteremko wenyewe, shemeji akapiga hatua moja mbele na ardhi ikavuma. Sijui niiite nini ile sauti. Mvumo mzito, mfupi, kama mtu kashusha gunia la mchele ghorofa ya juu. Theluji yote iliyotuzunguka ilishuka kiasi cha upana wa kidole, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yetu mita kama 20. Tulikuwa mahali tambarare, hakuna la kuporomoka. Tukasimama kimya.

Shemeji akachimba shimo la mita moja kwenda chini, akasawazisha ukuta kwa koleo, akakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30. Akaniambia niangalie kwa karibu, nikapiga magoti. Juu kulikuwa na bamba la sentimita 40, gumu, jeupe kama chokaa, theluji iliyoletwa na upepo. Chini yake tabaka jembamba la kijivu. Nikaligusa kwa kidole na likamwagika. Zilikuwa chembe kubwa zisizoshikana, zinang'aa, kama chumvi ya mawe. Chembe hizi hukua wakati wa baridi kavu ya muda mrefu, mvuke unapopanda ndani ya theluji kutoka chini penye joto kwenda juu penye baridi, na zikishakua hazisahau. Theluji mpya huja na kuzifunika, mtu hazioni, lakini zimekaa pale kama gololi chini ya sakafu.

Akaweka koleo juu ya nguzo akaanza kulipiga: mara kumi kwa kiganja tu, mkono ukikunjwa kwenye kifundo. Kisha kutoka kwenye kiwiko. Pigo la pili la kiwiko, jumla ya 12, bamba likachomoka lote kwa pamoja na kuteleza mapajani mwangu. Mkato ulikuwa laini kama uliokatwa na uzi.

Mteremko mbele yetu ulikuwa na nyuzi 35. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya zaidi ya nyuzi 30. Nilimtazama shemeji na nikaona anaumia, kwa sababu kilele kilikuwa wazi, kinaonekana, saa moja tu. Mke wangu hakusema kitu. Alikwisha kukaa chini kubandua ngozi. Tarehe 31 Machi 2023 watu wanne walikufa kwa maporomoko siku moja katika wilaya hizi za kaskazini ya Troms, wawili kati yao wakiwa nyumbani kwao, wala hawakuwa mlimani. Yeye alikuwa hapa kwa mama yake siku ile. Anazijua kelele za helikopta za jioni ile.

Nilipokuwa na miaka tisa baba aligeuza mashua tukiwa tumeshaona mahali pa kutega, maji mazuri, samaki wanaruka. Aliona kitu upande wa kusi ambacho mimi sikukiona hata aliponinyooshea kidole. Nililia njia nzima. Hakunieleza wala hakunibembeleza. Mashua mbili zilizobaki zilirudi usiku, moja ikiwa bila tanga. Leo kwenye bonde lile sikulia, lakini nilimwelewa kwa mwili wangu, magoti yakiwa bado kwenye theluji.

Tulirudi kwa alama zetu wenyewe, tukiachiana nafasi. Ami alipoona tumewahi akauliza, tukamweleza. Akaweka maji ya chai jikoni. "Kenda shika, mwanangu, si kumi nenda uje," akasema. "Mlima u papo."

Jumanne. Jikoni kwa mama mkwe

Dhoruba. Mvua chini, theluji juu, feri zimesimama. Hakuna anayetoka.

Mama mkwe alizaliwa ng'ambo ya fiodi, Kåfjord. Vuli ya 1944 jeshi la Ujerumani liliporudi nyuma liliteketeza Finnmark yote na kaskazini ya Troms mpaka kwenye fiodi hii. Nyumba, mazizi, maghala ya samaki, mashua, hata nguzo za simu. Lyngseidet, upande huu wa maji, ilisalia. Wazazi wake walivukishwa, wakarudi baada ya vita kwenye majivu na kujenga upya. Alisimulia hayo akikata viazi, sauti ileile ya kukatia viazi.

Wazee wake walikuwa Wasami wa pwani, wavuvi. Shuleni Kisami hakikutakiwa, kwa hiyo wazazi hawakuwapa watoto lugha wakidhani wanawaokoa. Yeye amebaki na maneno machache, mengi ya samaki na theluji, kwa kuwa hayo yalitumika kazini. Miaka ya 1990 Kåfjord ilipowekewa vibao vya barabarani vya Kisami watu walivipiga risasi. Sasa tamasha la Riddu Riđđu, lililoanzishwa na vijana wa hapo mwaka 1991, linajaza bonde la Manndalen kila kiangazi, na wajukuu wa wale walionyamazishwa wanaimba. Nilimwomba anitajie maneno yake ya theluji, yote. Akafikia saba, akasita, akatazama dirishani muda mrefu kutafuta la nane. Hakulipata. Nimeandika hayo saba kwenye daftari, pamoja na yangu.

Jumatano. Kuelekea Senja

Barabara siku nzima: Furuflaten, Oteren, Nordkjosbotn, Finnsnes. Pale Storfjord kibao kina majina matatu, Kinorway, Kisami na Kikveni, lugha ya watu waliotoka upande wa Finland karne zilizopita: Storfjord, Omasvuotna, Omasvuono. Hakina tundu hata moja. Daraja la Gisund likatuingiza kisiwani Senja jioni.

Alhamisi. Husfjellet

Mlima mdogo, haufiki mita 650, juu ya kijiji cha Skaland chenye mgodi wa grafiti. Nikamweleza shemeji kwamba grafiti iko kwetu pia, Mahenge. Baada ya Jumatatu tulitaka mahali pa mteremko mpole, na Husfjellet ni mpole upande mmoja. Upande wa pili hauna mlima, umekatika. Unafika juu ukidhani kuna hatua zaidi, kumbe miguuni pako kuna bahari, na ng'ambo ya ghuba yamesimama Okshornan, meno meusi ya mawe yaliyotoka moja kwa moja majini. Shemeji alitukataza kusogea ukingoni: theluji hujijenga mbele ya mwamba kama ubao wa baraza usio na nguzo, na ukiwa juu huwezi kujua mwamba uliishia wapi.

Tulikaa pale saa nzima. Tai wa baharini alipita chini yetu. Nimeona ndege wengi maishani, lakini mgongo wa tai nimeuona leo.

Kushuka, unga hadi kwenye magoti. Hiyo siwezi kuiandika.

Ijumaa. Kutwa garini

Senja hadi visiwa vya Lofoten: kusini kwa barabara ya E6 hadi Bjerkvik, kisha E10 na daraja la Tjeldsund, kisha mahandaki na madaraja ya ile barabara iliyofunguliwa Desemba 2007 na kuwaondolea watu wa Lofoten ulazima wa feri. Ami aliimba. Mvua.

Jumamosi. Samaki

Tumepanga kwenye rorbu karibu na Kabelvåg, kibanda chekundu cha wavuvi kilichojengwa juu ya nguzo, nusu nchi kavu nusu majini. Vibanda vya namna hii vina historia ndefu hapa. Inasimuliwa kwamba Mfalme Øystein alijenga vya kwanza karibu mwaka 1120 ili wavuvi wageni wasilale chini ya mashua zilizopinduliwa. Walikuwa maelfu. Kanisa la mbao la mji huu mdogo, la mwaka 1898, lina nafasi ya watu 1,200, kwa ajili ya wale waliokuja msimu.

Waliwafuata skrei. Ni torsk aliyepevuka, ambaye kamusi zetu humwita chewa ingawa ukimweka kando ya chewa wa Tanga hawatajuana. Kila majira ya baridi anaogelea kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga hapa, kuanzia Januari hadi Aprili, na kwa zaidi ya miaka elfu watu wamemngoja.

Na wanamkausha. Nilikuwa nimeona picha. Baba alipata kozi fupi Mbegani, kile chuo cha uvuvi cha Bagamoyo kilichosaidiwa na Norway, na ukutani mwa darasa kulikuwa na picha ya vichanja vya mbao vilivyojaa samaki na mlima mweupe nyuma. Alinisimulia picha ile mara nyingi. Leo nimesimama ndani yake. Vichanja ni virefu kuliko nyumba, samaki wawili wawili wamefungwa mikiani na kuning'inizwa, maelfu kwa maelfu, na upepo unapopita wanagongana kwa sauti kavu, kama makuti.

Hawatii chumvi. Hilo lilimgusa Ami zaidi ya lote. Ng'onda wetu tunampasua, tunamtia chumvi, tunamwachia jua. Huyu anaachiwa upepo peke yake. Inawezekana kwa sababu ya mahali: kunatosha baridi inzi wasiwepo, na mkondo wa joto wa Atlantiki unaizuia baridi isigandishe nyama ikavunjika. Kungekuwa na joto zaidi kidogo angeoza, na baridi ikizidi kidogo angeharibika. Miezi mitatu, kisha anakaa miaka. Wazuri zaidi huenda Italia, ambako wamemjua tangu Mveneti Pietro Querini alipovunjikiwa na chombo na kuokolewa kisiwani Røst mwaka 1432. Vichwa huenda Nigeria, na kuna vichanja vizima vya vichwa tu.

Gatini watoto watatu wa miaka 10 au 12, aproni za mpira hadi kwenye viatu, walikuwa wakikata ndimi. Kazi hii ya msimu ni ya watoto tangu zamani, na fedha ni zao. Mbele ya kila mmoja msumari mrefu wa chuma umesimama kwenye ubao. Anachomeka kichwa cha samaki, kidevu juu, kisu kinapita mara moja kushoto, mara moja kulia, ulimi unabaki mkononi, kichwa kinatupwa kwenye pipa. Sekunde nne. Msichana mmoja alituona tunatazama, akatuonyesha polepole, kisha akampa Ami kisu. Mzee akakata wa kwanza, wa pili, wa tatu, mikono yake ikiwa na adabu ya mtu aliyekata samaki miaka 60. Msichana akatikisa kichwa kukubali, kama fundi kwa fundi.

Usiku Ami akapika skrei kwa tui la nazi la kopo, bizari, ndimu na pilipili mbuzi aliyoitoa Bodø ndani ya soksi. Nyama yake hupasuka vipande vikubwa kama kurasa na tui likaingia kati ya kila ukurasa. Shemeji aliikwangua sufuria.

Jumapili. Rundfjellet

Mita 803, mlima wa mviringo nyuma ya Kabelvåg. Usiku ulikuwa wazi, ganda limeshika. Safari hii shemeji alinambia nitangulie.

Kutangulia maana yake ni kuweka alama ambayo wengine wataikanyaga. Nilisimama mara tatu kuchomeka fimbo, kusikiliza inavyoshuka: gumu, laini, gumu tena? Ilikuwa sawasawa, imeshikana hadi chini. Nilitazama upande uliolishwa na upande ulioliwa, nikapitisha njia kwenye tuta, nikauzunguka mfuko mmoja uliojaa ingawa kuupita kungekuwa njia ya mkato. Shemeji hakuuliza kwa nini. Kileleni, kusini kulikuwa na Vestfjorden, kaskazini bahari kuu, nasi katikati kwenye uzi wa milima. Tulingoja hadi saa tano, ganda lilainike. Chenga, kutoka juu hadi chini.

Jumatatu. Moskenes hadi Bodø

E10 hadi inapokaribia kuisha, vijiji vidogo chini ya kuta, kisha feri. Zaidi ya saa tatu kuvuka Vestfjorden. Kusini ya Bodø, kisiwani Rødøy, kuna mchoro juu ya mwamba wa mtu aliyesimama juu ya skii, wa zaidi ya miaka 4,000, karibu kabisa na maji. Mke wangu anataka twende mwakani. Shemeji amelala na mdomo wazi. Ami yuko mbele, amesimama, miguu mbalimbali, kama mtu wa zamu.

Nilipanda sitaha ya juu, nikampigia baba. Kwao ni masika. Mvua inapiga bati, simu inakatikakatika.

"Upepo ukoje huko?"

"Kusini-magharibi, Baba. Mwepesi. Mawimbi mapana, hayavunji."

"Vizuri." Nikasikia anasogeza kiti. "Na hiyo theluji? Nayo ikoje?"

Hajawahi kuniuliza. Nikageukia ukuta kuukinga mlio wa upepo, nikatoa daftari mfukoni, nikaanza kumsomea: unga, ganda, chenga, bamba, chumvi.

"Hapo kwenye bamba," akasema. "Rudia hapo."